Kipande cha Baada ya Majina

Enzi zetu pale mtaani Mowlem, Nairobi, dunia ilikuwa ikiisha kila Jumamosi alasiri, na sisi tulikuwa tukiisikiliza ikiisha tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ploti, lile jengo letu la vyumba vya kupanga, tukigawana andazi moja.

Nimesema kuisikiliza, sikusema kuitazama. Kibanda cha vidio kilikuwa nyuma ya soko, mabati juu, mabati kando, na blanketi kuukuu mlangoni badala ya pazia. Mama yangu, mwanamke wa sala na wa slipa, alikuwa ametangaza mbele ya majirani kwamba siku binti yake Mwende atakapoonekana akichungulia pale, yeye mwenyewe ataleta mwisho wa dunia bila kungoja tarumbeta. Nilimwamini. Kwa hiyo mimi, ambaye leo hii nabishana kuhusu filamu za mwisho wa dunia mpaka wenzangu wananitoa kwenye grupu la simu na kunirudisha, utoto wangu wote sikuona hata moja. Nilihadithiwa.

Mwenye kuhadithia alikuwa Wafula. Kwao walikuwa watu wa Bungoma, walikaa mlango unaotazamana na wetu, na mama yake alikaanga mandazi pale pale nje ya kibanda cha vidio. Wafula alikuwa akiingia na kutoka kama paka wa nyumba. Filamu ikiisha, anakuja mbio hadi kwenye ngazi zetu kabla haijampoa kichwani, na sisi tuliokatazwa tunakuwa tayari tumejipanga, wadogo chini, wakubwa juu. Kuhadithia filamu kulikuwa na sheria zake. Msimulizi haingiliwi. Ukiuliza "halafu?" kabla ya wakati, unahamishwa hadi ngazi ya mwisho karibu na mtaro. Na risasi zote zilipigwa kwa mdomo, kwa hiyo waliokaa mbele walipata filamu na mate.

Halafu kulikuwa na sheria kuu kuliko zote. Yule mhusika mkuu tulimwita staringi, na staringi hafi. Anaweza kupigwa, akatupwa mtoni, akaangukiwa na nyumba, lakini hafi. Rafiki yake ndiye hufa, tena mapema, ili staringi apate hasira ya kutosha. Tulilijua hilo kuliko tulivyojua amri kumi, na mwalimu wa shule ya Jumapili alilalamika sana juu yake.

Filamu ninayotaka kuwaambia haikuwa na jina. Karatasi ya kaseti ilikuwa imechanika, basi tukaiita Ile ya Lango. Mvua imekatika duniani. Wafula alisema imekatika, kama stima. Watu wachache wamejifungia ndani ya ua wenye lango kubwa la chuma. Staringi ana mke na binti humo ndani. Maji yanapokaribia kwisha, anachukua mtungi, anamwambia binti yake "nitarudi," anatoka, na lango linafungwa nyuma yake. Huko nje kuna majangwa, magari yaliyokufa, na adui mmoja mwenye jino la dhahabu ambaye Wafula alimpa sauti ya agenti aliyekusanya kodi ya ploti yetu, basi tukamchukia papo hapo bila kuhitaji maelezo.

Shida yetu ilikuwa moja tu. Hatukuona mwisho wa dunia uko wapi hapo. Watu wanapanga foleni na mitungi? Na sisi je, tuliokuwa kwenye mfereji tangu alfajiri? Hakuna stima? Karibuni Mowlem. Eti wamevaa viatu vilivyokatwa kwenye matairi ya gari. Mjomba wetu alivinunua vyake sokoni Kariokor, na alivivaa kanisani. Wanatembea juu ya milima ya takataka wakiokota vyuma. Ukipanda juu ya ploti yetu ulikuwa unauona moshi wa jaa la Dandora, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi hiyo hiyo, tena bila muziki wa kutisha. Mtoto mmoja akainua mkono kwa adabu na kumwuliza Wafula hilo janga lenyewe linaanza saa ngapi. Mama, aliyekuwa akifua pale chini na kujifanya hasikii mambo ya dunia, akasema bila kuinua kichwa, "Ana mtungi mmoja tu, na analia? Mwambieni aje anisaidie na hii minne."

Tulicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini nilikuwa nikiifuatilia ile filamu kuliko wote, na sababu haikuwa maji.

Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Alikuwa na desturi yake ya kurudi, na desturi hiyo ilikuwa na harufu: dizeli, vumbi jekundu, na maembe ya njiani yaliyoiva kupita kiasi. Alikuwa akipiga honi mbili akifika kwenye kona, na ploti nzima ikajua nyumba ya Mutinda na Mwende leo inakula nyama. Mutinda ni kaka yangu mkubwa. Halafu honi zikaacha kulia. Mwanzoni Mama alisema lori limeharibika. Halafu akasema barabara imeharibika. Halafu akaacha kusema, akawa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu kila lori linapopita barabarani. Mimi nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nilifanya mkataba na Mungu, bila kumshirikisha mtu: yule mtu wa mtungi akifika langoni, Baba pia atafika.

Wafula aliihadithia Ile ya Lango kwa vipande, Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, kwa sababu alikuwa akiitia chumvi na chumvi inataka nafasi. Pigano moja na Jino la Dhahabu lilichukua alasiri nzima. Nikawa silali vizuri. Kisha Mutinda, ambaye alikuwa ameshafikia umri wa kumdanganya Mama, akaingia vidioni kwa siri, akaiona yote, na akaja kwenye ngazi akiwa na uso wa mtu aliyerudi kutoka mochari.

"Anakufa," akasema. "Analiona lango kwa mbali, anaanguka, maji yanamwagika mchangani, majina ya waigizaji yanapanda. Imeisha."

Nikamwambia ni mwongo, staringi hafi. Akaniambia mimi ndiye mjinga. Tukaanza kusukumana, na katikati ya kusukumana ndipo akayasema yale ambayo nyumbani kwetu yalikuwa hayajasemwa na mtu.

"Anakufa, Mwende. Na Baba harudi. Ana nyumba nyingine Voi, kila mtu anajua isipokuwa wewe."

Nilikuwa na andazi mkononi. Nakumbuka nililishika tu, halikuwa na maana tena, na mafuta yakawa yananichuruzika kwenye kiganja. Wafula aliniangalia. Alikuwa mtoto wa rika langu, pua haijafutwa vizuri, lakini aliniangalia kama mtu mzima. Kisha akajikohoza kama msimulizi mwenye ngazi zake.

"Mutinda, ulitoka mapema," akasema. "Nyinyi huwa mnatoka majina yakianza kupanda. Baada ya majina kuna kipande. Giza. Halafu unasikia lango: ngo, ngo, ngo."

Sikungoja ruhusa. Nikauliza, "Halafu?"

Hakunihamisha hadi karibu na mtaro. Akasema, "Halafu wanamfungulia."

Basi mimi nikakua na kipande hicho. Wengine walikua na maziwa. Mama alipokuwa akisema "subira huvuta heri" mimi nilikuwa na ushahidi wa filamu. Miaka ikaenda, honi hazikulia, Mutinda akapata kazi ya karani, nami nikafungua duka la vitambaa Umoja. Mama akaenda mbele ya haki, Mungu amlaze pema, na kwenye mazishi Baba alikuja, akasimama nyuma kabisa na watu wa mbali, akaondoka kabla ya chakula. Habari ya Voi ilikuwa kweli tupu. Lakini ukiniuliza kuhusu Ile ya Lango bado ningekwambia kuna kipande baada ya majina, na ningekuuliza wewe kwani ulikaa mpaka mwisho?

Siku hizi sisi watoto wa ile ploti tuna grupu kwenye simu. Lilianzishwa kwa ajili ya michango ya harusi na matanga, lakini kazi yake hasa ni kupendekezeana filamu za mwisho wa dunia na kutukanana kwa heshima. Mutinda ni mtu wa wafu wanaotembea. Wafula, ambaye sasa ni shemasi mwenye upara na duka la vifaa vya ujenzi, anazipenda zenye magonjwa kwa sababu watu wanatubu. Mimi nazipinga zote. Nauliza hayo mafuta ya petroli yanatoka wapi ilhali dunia imekufa, na mbona kila mtu amefiwa na taifa zima lakini nyusi za yule mwanadada zimetengenezwa jana. Nauliza nani anawapikia. Mutinda huniambia, "Dada, hiyo ni filamu, si ukaguzi."

Na watoto wetu ndio usiseme. Brayo, mwana wa Mutinda, ni mtaalamu. "Anti, hii itakubamba, ni noma," ananiambia, na kunitumia orodha: ya barafu, ya mashine zilizoasi, ya jua lililozimika. Amezitazama zote akiwa chini ya blanketi, simu kifuani, chai ya maziwa kando. Anajua jinsi ya kuchuja maji ya mvua kwa soksi. Lakini mfereji wa nyumba yao ukikauka nusu siku, yeye hufungua na kufunga, kufungua na kufunga, halafu anakuja kumuuliza mama yake kama tumeshambuliwa. Sisi tulijaza mitungi. Yeye alifungua mjadala mtandaoni.

Sasa, mambo yalibadilika pale yule mama wa Voi alipofariki. Sina ubaya naye, hakuwahi kunikosea kwa mkono wake. Lakini watoto wa huko wana mambo yao, na Baba akajikuta mzee, macho yamefifia, hana wa kumchemshia maji. Basi asubuhi moja akafika Njiru, nyumbani kwa Mutinda, na begi moja na mtungi mdogo wa njano uliojaa asali ya Ukambani, akabisha geti. Na Mutinda, yule yule aliyesema harudi, akamfungulia, akampa chumba cha wageni na redio.

Na mimi? Mimi mwenye kipande changu, niliyebishana nusu ya umri wangu kwamba mtu yule hufika, nilikataa kukanyaga Njiru. Mutinda alinipigia simu, nikasema duka lina wateja. Alinipigia tena, nikasema nina mafua. Mkewe akaniambia mzee ananiulizia kila jioni. Nikajibu kwamba mimi pia niliuliza kila jioni, na nikakata simu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua imekaa wapi siku zote hizo. Mtu akikawia mpaka aliyekuwa akimngojea azikwe, huko si kurudi. Nilijiambia hivyo, na nilikuwa na uhakika.

Mutinda si mjinga pia. Akaandika kwenye grupu kwamba Brayo ameipata Ile ya Lango. Ilitosha kuielezea simu yake, lango, mtungi, jangwa, na simu ikamtolea. Jumapili baada ya kanisa tukutane kwake Njiru, tuitazame, tumalize ubishi. Wafula akaandika, "Nitakuja." Kisha akaniandikia mimi peke yangu, "Mwende, si lazima uje." Nilimjibu kwamba sijawahi kukimbia mjadala. Haki ya Mungu, nilijua ni mtego, na niliuvalia rinda jipya.

Baba alikuwa kwenye kochi la karibu na dirisha. Amekuwa mdogo. Miguuni alikuwa na viatu vya matairi, vile vile vya Kariokor, na mikono yake ilikuwa magotini kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Niliingia nikasema, "Habari za hapa," salamu ya chumba kizima, kila mtu achukue kipande chake. Watu wakajibu. Yeye akajibu wa mwisho. Nikakaa upande wa pili, karibu na Wafula.

Filamu ikaanza, na jamani, ilikuwa mbaya. Staringi alikuwa mfupi. Jangwa lilikuwa dogo, ukitazama vizuri unaona nyaya za stima nyuma yake. Jino la Dhahabu alipita mara moja, hakuwa na jino la dhahabu, na lile pigano lililotuchukua alasiri nzima lilikwisha kabla Brayo hajamaliza kufungua njugu. Nilimgeukia Wafula. Shemasi mzima alikuwa anatazama dari. Nikaelewa kwamba filamu niliyokua nayo ilikuwa ya Wafula, na hawa Wazungu walikuwa wamempa lango na mtungi tu.

"Huyo angepitia chini ya kilima," Baba akasema ghafla, akimwelekeza staringi. "Huko juu upepo unammaliza." Dereva ni dereva tu. Nilikaribia kucheka, na hilo likaniudhi zaidi.

Kisha tukafika. Staringi akaliona lango kwa mbali. Akaanguka. Maji yakamwagika mchangani, kama Mutinda alivyosema, neno kwa neno. Majina yakaanza kupanda. Na runinga za siku hizi, ambazo hazina subira hata kidogo, zikataka kuanza filamu nyingine hapo hapo. Brayo alikuwa ameshanyoosha mkono na rimoti.

"Wacha majina," nikamwambia.

"Anti, hakuna kitu hapo, ni majina tu."

"Wacha."

Basi tukakaa, watu wazima na vitambi vyetu, tukiwatazama mafundi wa taa na wapishi wa nchi za watu wakipanda mmoja mmoja. Enzi zetu tulikuwa tukingoja hivi: tulingoja mfereji, tukangoja stima, tukangoja Jumamosi, tukangoja honi kwenye kona. Kungoja tulikuwa tumefundishwa vizuri, na hawa vijana wetu hawatakuja kujua, maana kila kitu chao huanza kabla kile kingine hakijaisha. Sijui kama wamepoteza au wameokoka. Mutinda hakuonekana kufurahia kushinda. Jina la mwisho likapanda, kioo kikawa cheusi. Giza. Hakukuwa na kipande.

Nilijua hakitakuwapo. Nadhani nilijua tangu siku ile nikiwa na andazi mkononi. Lakini nilikuwa natafuta mkoba wangu niondoke, wakati Wafula alipojikohoza. Ulikuwa ule mkohozo wa ngazini, Mutinda mwenyewe alikaa wima.

"Baada ya majina kuna kipande," Wafula akasema, akimwambia Brayo lakini bila kuniondolea macho. "Giza. Halafu unasikia lango: ngo, ngo, ngo."

Akanyamaza hapo. Zamani hakunyamaza hapo. Brayo akaweka simu chini, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuhadithiwa filamu.

Kutoka kwenye kochi la dirishani, yule mzee, ambaye hakujua lolote kuhusu ngazi wala mkataba wangu na Mungu, ambaye alikuwa akifuatilia hadithi tu kama mtu yeyote, akasogea mbele kidogo na kuuliza, "Wakamfungulia?"

Wafula alinigeukia mimi, kwa sababu filamu ilikuwa yangu. Wote wakanigeukia. Nilimtazama Baba usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na macho yake yaliyofifia yalikuwa yakinitafuta mahali nilipo.

"Walimfungulia," nikasema. "Lakini alikuta chai imekwisha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kwamba hilo ni haki. Nikaweka mkoba chini, nikaenda jikoni kuinjika nyingine.